Uliyefunga injini ya kisasa kwenye pikapu ya zamani kwa bajeti ya kubana: nini kilikukwamisha? Tupeane uzoefu

Spana 14: Wakuu, habari za kazi. Nina Toyota Hilux ya zamani, injini 22R ya kabureta. Bodi na chesisi bado ngumu, ila injini imeshafanyiwa ovaholi mara mbili na bado inakunywa oili. Nataka niifunge injini ya EFI, yaani ya nozeli zinazoongozwa na kompyuta badala ya kabureta. Kila fundi ninayemuuliza ananiambia "inaingia tu mkuu", na hiyo "tu" ndiyo inayoniogopesha. Mliopita njia hii, injini ilipokaa kwenye maunti (vishikizo vyake kwenye chesisi), ni nini kilifuata?

Mzee wa Kabureta: Kilichofuata ni waya, mkuu. Mimi nilinunua injini tupu kwa sababu ilikuwa bei rahisi. Waya zake zilikuwa zimekatwa kwa plaizi, zimebaki vipande vya urefu wa kidole. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, nikaitafuta kwingine, namba zinafanana, nikaona nimemaliza. Tukapiga stata: inashika, sekunde mbili, inazima. Inashika, inazima. Fundi umeme akabadilisha pampu ya mafuta, akabadilisha plagi, akasafisha nozeli. Siku ya tatu akakaa juu ya tairi, akaniangalia, akauliza: "Hivi ufunguo wa hiyo gari ilikotoka boksi uko wapi?"

Kumbe kwenye gari nyingi za kisasa ufunguo una chipu, na boksi haiachii injini iendelee kuwaka mpaka iitambue chipu yake. Nikaanza upya kutafuta boksi, ringi ya kwenye swichi inayosoma chipu, na ufunguo, vyote vya gari moja. Ningerudi nyuma ningenunua gari zima la ajali. Unatoa injini, gia boksi, waya zote, boksi, hadi pedali ya mafuta kama ni ya umeme. Kisha milango, viti na taa unauza. Mwenzangu alifanya hivyo, na mauzo ya mabaki yalimrudishia sehemu nzuri ya hela yake.

Dada Gia: Naunga mkono, ila usisahau mafuta. Mimi niliweka V8 ya lita 5.3 ya Chevrolet (zile za pikapu zilizoanza 1999) kwenye C10 ya 1972. Pampu ya kabureta hutoa presha ya psi 4 hadi 7 hivi. Injini ile inataka psi 58. Pampu nilibadilisha, ila mipira nikabakiza ile ile ya zamani, ubahili tu. Mmoja ukapasuka nikiwa nimesimama, petroli ikarushwa kama pampu ya kupulizia dawa, sentimita chache kutoka kwenye bomba la ekzosi. Nilizima gari nikashuka nikiwa peku, viatu sikuviona. Nunua mpira wa EFI na klempu zake. Na sampo (bakuli la oili chini ya injini) pima kabla: yangu iligonga krosimemba, ile nguzo ya chesisi inayokatiza chini ya injini, ikabidi nitafute ya gari nyingine.

Breki Kwanza: Anayetoka petroli kwenda dizeli anisikie. Buster ya breki, inayolainisha pedali, ilikuwa inatumia vakyumu (mvuto wa hewa) ya manifoldi ya injini ya petroli. Dizeli haina vakyumu ya kutegemea hapo, inahitaji pampu yake, na kwenye nyingi pampu hiyo iko mgongoni mwa alteneta. Alteneta yangu ilikuwa mbovu, fundi akaniwekea ya petroli kwa sababu "inachaji vizuri". Ilichaji kweli. Kukanyaga breki ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

Kimya Kingi: Waya wa nego kutoka injini kwenda chesisi. Tuliusahau. Tulipopiga stata, kebo ya pedali ya mafuta ikaanza kutoa moshi, maana umeme ulipita humo.

Spana 14: Asanteni. Na propela, shafti inayotoka gia boksi kwenda difu ya nyuma? Gia boksi mpya naona ni fupi.

Mzee wa Kabureta: Peleka kwa fundi tona airefushe na aibalansi. Lakini kwanza kaza maunti zote, gari likiwa chini kwa uzito wake, ndipo upime. Mimi nilipima likiwa juu ya jeki. Lilitetemeka mpaka kioo cha ndani kikadondoka.

Spana 14: Mrejesho mfupi wakuu. Leo nimeenda kuangalia gari la ajali. Ufunguo upo, unaning'inia kwenye swichi. Boneti ndiyo imegoma kufunguka.