Naombeni ushauri: likizo ya kwanza ya familia, Dalyan (Uturuki). Mto, watoto watatu na bibi mwenye magoti

Mama Watatu

Assalaam alaykum, na habari za jioni wote.

Tupo Leicester mwaka wa kumi na moja sasa. Likizo zetu zote huwa Dar na Unguja, na mnajua likizo ya nyumbani ilivyo: masanduku ya zawadi, misiba miwili, harusi moja, unarudi umechoka kuliko ulivyoondoka. Safari hii baba watoto kasema twende mahali ambapo hatumjui mtu. Nimecheka, lakini nimekubali.

Mwenzangu kazini kanionyesha picha za Dalyan, kusini magharibi ya Uturuki. Mji uko kando ya mto, ng'ambo kuna jabali limechongwa makaburi ya kale kama milango ya majumba, na mashua zinapita chini yake. Nikapenda papo hapo. Tatizo ni usiku, usingizi hauji, nahesabu hatari.

Nina wa miaka 9, wa 6, na wa 2 ambaye akiona maji anayakimbilia kama bata. Mama mkwe ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Sisi tuna pasipoti za Uingereza, yeye ya Tanzania na kibali cha kuishi hapa. Tunafikiria Agosti, siku saba. Je, kwenda mtoni na mtoto wa miaka miwili ni akili kweli? Bahari iko wapi, mbona picha nyingine zinaonyesha ufukwe? Bibi atashinda wapi? Na bei za Agosti zimenitoa jasho. Natanguliza shukrani.

Kijiti

Yaani mnalipa maelfu ya pauni kwenda kutazama mto? Rufiji upo, na viboko wake bure.

Mama Watatu

Kijiti, hao viboko ndio sababu yenyewe.

Dereva wa Coventry

Dada, wa alaykum salaam. Dalyan nimekwenda mara mbili na familia, nikueleze nilichokiona.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawaambiwi: Dalyan si mji wa pwani. Mto unatoka ziwa la Köyceğiz unateremka hadi baharini, na mji uko katikati ya njia. Ukitaka bahari unapanda mashua hadi ufukwe wa İztuzu, kama nusu saa hivi au zaidi kidogo, mnapinda pinda ndani ya matete. Kwa barabara ni kilomita 12, daladala zao zinakwenda. Daladala huko huitwa dolmuş, na hata zile mashua za kwenda ufukweni ni dolmuş vilevile, unalipa kiti chako unakaa. Kwa hiyo kila siku ya bahari ni safari: mifuko, kofia, maji, mwenye kutaka choo. Mke wangu siku ya kwanza alinuna. Siku ya tatu ikawa yeye ndiye anayetuamsha, kwa sababu ya ile mashua.

Kuhusu mtoto wa miaka miwili: usichukue hoteli iliyo kwenye ukingo. Picha zake ni nzuri mno, gati la mbao, viti, mto hapo hapo, na kwa wapenzi wawili ni pahala pake. Kwako wewe itakuwa lindo la saa ishirini na nne. Tafuta hoteli mtaa mmoja au miwili nyuma, yenye bwawa lake na kidimbwi cha watoto. Mji ni tambarare, bibi atatembea polepole hadi mtoni jioni na kigari cha mtoto kinapita. Kwenye mashua uliza jaketi la kujiokolea la saizi ya mtoto kabla hamjapanda. Sisi tulikuta ya watu wazima tu, mwanangu akapotelea ndani yake kama kobe kwenye gamba. Mara ya pili tulinunua yetu huku, tukaenda nalo.

Na gari la kuwachukua uwanjani. Uwanja ni Dalaman, karibu tu, nusu saa. Tulilipia kiti cha mtoto wiki tatu kabla, dereva akaja bila kiti, akacheka, akasema "no problem". Saa tano usiku, mtoto kalala begani, utafanya nini? Jina la kampuni nalihifadhi. Ila wewe pata uthibitisho wa kiti kwa maandishi.

Mama Watatu

Allah akulipe kaka. Hilo la hoteli ya ukingoni nilikuwa nimeshaiweka kwenye kikapu, naitoa sasa hivi. Na bibi je? Hayo makaburi yanapandwa?

Dereva wa Coventry

Hayapandwi, yanatazamwa kutoka chini, na mahali pazuri pa kuyatazamia ni upande wa mjini, umekaa, chai mkononi. Bibi hakosi kitu. Yalichongwa karne ya 4 kabla ya Kristo. Lipo moja kubwa halikumalizika: juu limechongwa likapendeza, chini bado mwamba mtupu. Ndipo utakapojua mafundi walianzia juu wakateremka. Binti yangu alikaa nalo hilo kuliko kila kitu, kila siku ananiuliza, "Baba, kwa nini waliacha?"

Kaunos, mji wenyewe wa kale, ni jambo jingine. Unavuka kwa mashua ndogo ya makasia, dakika chache tu, halafu unatembea juani hadi magofu. Mawe na kupanda. Magoti ya bibi hayatafurahi. Aende baba na wale wawili wakubwa asubuhi mapema, nyinyi mbaki na chai.

BintiMvita

Mimi wa Mombasa, nipo London. Agosti kule msiende na mtoto mdogo na mtu mzima, nawaambia. Si joto la kwetu lenye upepo wa pwani. Mji uko bondeni, kuna vinamasi, adhuhuri inafika nyuzi 38 na zaidi, hewa imesimama. Na mbu! Jioni mtoni wanakuja kwa kikosi. Dawa ya malaria huhitaji upande ule, ila ya kujipaka beba.

Mbu wa pale wana historia yao pia. Watu wa Kaunos zamani walisifika kwa nyuso za rangi ya majani kwa homa, hata mwanajiografia Strabo kasimulia mzaha mmoja: mcheshi aliwafananisha na majani ya miti, wakakasirika kwamba anauita mji wao mgonjwa. Akajibu, nitathubutu vipi kuuita mgonjwa mji ambao maiti wanatembea?

Chakula hakina shida, nchi ya Waislamu, msikiti upo mjini. Ila mikahawa mingine inawapikia Waingereza kifungua kinywa chao, kwa hiyo kwenye soseji uliza kwanza. Nimeogelea na vazi langu la kujisitiri, hakuna aliyenigeukia. Kwenye mashua za matembezi watawapa kaa wa buluu na ndimu. Hapo wenye madhehebu yao waamue wenyewe, msinianzishie mjadala.

Shaka

Kwa uzoefu wangu: watoto watatu na bibi? Antalya, hoteli ya kila kitu ndani. Unavaa kile kikuku cha mkononi, watoto wana mabwawa, aiskrimu haina hesabu, bibi anapandishwa kwa lifti. Mto wa nini? Wewe unakwenda kupumzika, hao wanakupeleka kufanya kazi ya ubaharia.

BintiMvita

Shaka, wengine tukikaa ndani ya ukuta siku saba tunaona tumefungwa. Ila sikubishii kuhusu lifti.

Mzee Kilua

Mimi ningewatoa shule wiki moja Juni. Bei nusu. Faini ya shule ni ndogo kuliko tofauti ya tiketi.

Mwalimu Msaidizi

Mzee wangu, shikamoo, lakini tupige hesabu. Faini England sasa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukilipa ndani ya siku 21. Ukichelewa inakuwa 160. Wana wawili wa shule, wazazi wawili: 320. Na ukirudia ndani ya miaka mitatu, ya pili inaanzia 160 moja kwa moja. Nafanya kazi shuleni, barua hizo nazipeleka posta kwa mkono wangu.

Dada, wewe umesema Leicester. Mbona hamuitumii bahati yenu? Leicester likizo ya katikati ya muhula wa Oktoba huja mapema kuliko miji mingi. Wenzenu wako darasani, nyinyi mko huru, bei bado hazijapanda, na ndege za msimu kutoka East Midlands hadi Dalaman bado zinaruka. Angalieni kalenda ya shule yenu leo. Katikati ya Oktoba kule ni nyuzi ishirini na kitu, bahari bado ina joto la kiangazi. Mvua zinaanza kunyemelea, sikufichi, na mikahawa michache inakuwa inafunga msimu. Lakini kwa bibi na mtoto wa miaka miwili nachagua manyunyu ya siku moja kuliko jua la Agosti.

Mama Watatu

Mwalimu!! Nimeangalia kalenda sasa hivi, kweli tuko peke yetu. Nimefungua bei mara mbili kuhakikisha. Mume wangu kaketi kimya, kaondoa miwani, kairudisha.

Kikwazo kimoja. Yule wa miaka 6 ameahidiwa kuona kasa. Nani ataniokoa?

Duvi wa Mafia

Hapa mmenigusa, maana mimi wa Mafia, na kwetu kutazama vitoto vya kasa vikitoka mchangani tunakujua.

Kasa wa İztuzu ni Caretta caretta, wale ambao wazee wetu wanawaita duvi. Hutaga kuanzia Mei, vitoto hutoka Julai hadi Septemba. Oktoba utakuwa umechelewa, mwambie mtoto ukweli. Lakini upande wa ufukwe unaofikiwa kwa barabara kuna kituo cha kutibu kasa, DEKAMER, cha Chuo Kikuu cha Pamukkale. Kasa waliojeruhiwa, wengine wamekatwa na mapanga ya injini za mashua, wamo kwenye matangi yao wakiuguzwa. Mtoto atawaona kwa karibu kuliko ambavyo angewaona baharini, na usiku hata kiangazi asingewaona: ufukwe unafungwa saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, Mei hadi Oktoba, ili kasa wapande kwa amani.

Naomba moja. Mtoni kuna mashua zinazowatupia kasa vipande vya kaa ili wageni wapige picha. Msipande hizo. Kasa akizoea kulishwa anaifuata mashua, na akiifuata mashua anakutana na panga. Ndiyo njia ya kwenda kwenye yale matangi.

Ufukwe wenyewe ni kilomita nne na nusu za mchanga na hakuna hoteli hata moja juu yake. Mwaka 1987 ilianza kujengwa moja. Mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa anaishi kwenye kibanda pale ufukweni, June Haimoff, wenyeji wakimwita Kaptan June, alipiga kelele pamoja na wengine hadi ujenzi ukasimama, na mwaka 1988 eneo likatangazwa hifadhi. Nikitazama fukwe zetu huwa namkumbuka huyo mama. Basi, nisije nikageuza uzi.

Mama Watatu

Usijali kaka, geuza tu. Nimemsomea mwanangu, kauliza kama kasa mgonjwa anapewa paracetamol.

Karani

Kuhusu viza. Nyinyi wa pasipoti za Uingereza hamuhitaji viza kwa matembezi hadi siku 90, ila pasipoti iwe na angalau siku 150 zilizobaki tangu mnapoingia. Angalieni za watoto, zao zinadumu miaka mitano tu na wazazi wengi hushtukia uwanjani.

Bibi ndiye wa kuanza naye, kabla hata ya kulipia ndege. Aingie tovuti rasmi ya e-Visa ya serikali ya Uturuki, achague Tanzania, asome masharti ya mwenye kibali cha kuishi Uingereza. Kama haimkubali, ni ubalozi, na ubalozi unataka muda. Tovuti za kuiga ni nyingi, zinajipachika juu kabisa ukitafuta, zinakutoza mara mbili. Jambo jingine la kurudi: kibali chake sasa kiko kwenye mtandao, sio kadi. Kama alibadilisha pasipoti karibuni, hakikisheni ile mpya imeunganishwa na akaunti yake ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza. Shangazi yangu alizuiwa kaunta kwa sababu hiyo, ndege ikaondoka, sisi tunatafuta neno la siri.

BintiMvita

Na pesa: mashine ya kadi ikikuuliza lira au pauni, bonyeza lira. Maji ya bomba msinywe. Jumamosi kuna soko mjini, bibi atalipenda, kuna makomamanga na mizeituni ya kila aina, na mtu wa kubishana naye bei. Bibi yangu hakujua neno la Kituruki akashusha bei ya shali kwa kutikisa kichwa tu.

Dereva wa Coventry

Kuna mahali panaitwa Sultaniye, watu wanajipaka tope na kuoga maji moto: bibi msimpeleke bila kumuuliza daktari kama ana presha, na yule mdogo asiingie. Harufu ni ya mayai yaliyooza, wakubwa watacheka hadi kesho. Siku moja pandeni Yuvarlakçay, kijito cha baridi kali karibu na Köyceğiz, meza zimewekwa kwenye majukwaa ya mbao juu ya maji. Agizeni samaki. Bibi atie miguu majini, magoti yatamshukuru.

Mama Watatu

Jamani. Tumekubaliana Oktoba, hoteli ya mtaa wa pili kutoka mtoni, kidimbwi cha watoto kipo. Sijalipa bado. Bibi kesho anakaa na Karani wake, yaani mimi, tunafungua hiyo akaunti ya UKVI, maana pasipoti kweli alibadilisha Februari na hakuna aliyekumbuka. Nilipomwambia kuna mto, kauliza, "Una mamba?" Nikamwambia hauna. Kasema basi sawa, ila yeye mashua atapanda akiwa amekaa katikati.

Dereva wa Coventry

Mwambie katikati ndiko kwenye kivuli. Na kile kiti cha mtoto, dada: kwa maandishi.