Modeli ya mzunguko wa asidi za nyongo: hazina inashuka, seramu inapanda mno

Njiro (Arusha):
Habari wakuu. Naunda modeli ya mzunguko wa asidi za nyongo kati ya ini na utumbo kwa Python. Vyumba ni sita: ini, kifuko cha nyongo, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ileamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba), koloni (utumbo mpana) na damu. Thamani za kuanzia: hazina yote (jumla ya asidi hizo mwilini) gramu 3, mizunguko 6 kwa siku, ileamu inafyonza 95% kila mzunguko, ini linatengeneza gramu 0.5 kwa siku. Damu inayopita kwenye ini ni lita 1.45 kwa dakika, na uwezo wa chembe za ini kuziondoa asidi hizo kwenye damu nao nimeuweka lita 1.45 kwa dakika.

Hazina inashuka hadi gramu 1.7 hivi na kubaki hapo. Wastani wa asidi hizo kwenye seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) unaanza karibu mikromoli 18 kwa lita, kisha unatua kwenye 10. Isitoshe, siku nyingine chakula cha usiku kinarukwa kabisa, kifuko hakifunguki. Shabaha ni kulinganisha na vipimo vya seramu vya watu wazima wenye afya hapo Moshi, kabla na baada ya kula. Nianzie wapi?

Kiboriloni (Moshi):
Anza na mizania, mkuu, hayo mengine yatafuata. Hazina hutulia pale kinachotengenezwa kinapolingana na kinachopotea kwenye choo. Gawanya 0.5 kwa (6 × 0.05), unapata 1.67. Kwa hiyo programu yako haina hitilafu hapo, imekupa jibu sahihi la namba ulizoilisha. Namba hizo nne kila moja inakubalika ikiwa peke yake, ila zikikaa pamoja hazipatani.

Kwanza achana na gramu, tumia mikromoli. Asidi ya nyongo ikiunganishwa na glisini au taurini uzito wake hubadilika, idadi ya molekuli haibadiliki. Gramu 3 za asidi ya glikokoliki (gramu 465 kwa moli) ni mikromoli 6,450. Gramu 0.5 inayotengenezwa, kabla ya kuunganishwa, ni kama mikromoli 1,250. Mizunguko 6 inapitisha 38,700 kwa siku, hivyo upotevu unaoruhusiwa ni 3.2% kwa mzunguko, wakati wewe unapoteza 5%.

Tofauti hiyo iko koloni. Naona koloni yako ni shimo la kutupia tu. Bakteria wa huko huondoa glisini na taurini, kisha hugeuza asidi ya koliki kuwa deoksikoliki, na sehemu ya hiyo hupenya ukutani yenyewe bila kisafirishi na kurudi kwenye ini. Kwa namba zako, ukirudisha 36% ya kinachofika koloni, hazina itakaa gramu 3. Njia hiyo ipe mwendo wa taratibu, wa saa nyingi, isije ikafanana na ileamu.

Rau (Moshi):
Naongezea upande wa seramu, maana hapo kosa moja limefunika jingine. Hiyo 10 unayoiona imeshuka kwa sababu hazina imekauka. Ukirekebisha koloni itarudi 18, usishtuke.

Katika modeli ya ini lililochanganyika sawasawa, sehemu inayonaswa kwa mpito mmoja ni uwezo wa chembe gawanya kwa (mtiririko + uwezo). Umeweka zote 1.45, kwa hiyo ini lako linanasa nusu tu. Ini lenye afya hunasa nyingi zaidi, takriban 70 hadi 90% kutegemea aina ya asidi; zile za koliki zilizounganishwa hunaswa vizuri kuliko za kenodeoksikoliki. Ukitaka 85%, uwezo unatakiwa 1.45 × 0.85 / 0.15, yaani lita 8.2 kwa dakika. Kinachorudi kutoka utumboni ni wastani wa mikromoli 26 kwa dakika. Gawanya kwa 8.2, unapata wastani wa seramu wa mikromoli 3.2 kwa lita.

Kuna jambo linalosahaulika sana: maabara inapima seramu, na asidi hizi husafiri kwenye plazima (damu bila chembe zake) zikiwa zimeshikana na albumini, protini ya damu. Tumia mtiririko wa plazima. Hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) ikiwa 42%, ni lita 0.84, uwezo unakuwa 4.8, na wastani 5.4. Huo ni wastani wa saa 24. Wa kabla ya kula uwe chini yake na kilele cha baada ya mlo kiwe juu. Modeli ikitoa mstari ulionyooka mchana kutwa, kifuko chako hakifanyi kazi.

Sekei (Arusha):
Chakula kurukwa ni kawaida ya `solve_ivp`, kikokotozi cha milinganyo cha Python. Usiku mambo yakitulia hatua za kikokotozi zinarefuka, mlo wa nusu saa unapitwa katikati. Weka `max_step=5` (dakika), au bora zaidi, kata hesabu kila mlo unapoanza na uiendeleze kutoka pale. Ndani yake chagua mbinu ya LSODA au BDF, kwa kuwa damu hubadilika kwa dakika na koloni kwa saa.

Kagua pia muda wa milo. Daftari za washiriki zitaandikwa saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 2 usiku. Kwenye modeli inayoanza usiku wa manane hizo ni dakika 420, 780 na 1,200. Kwa kifuko, kumwaga 65% ndani ya saa moja ni kasi ya 0.0175 kwa dakika. Mafuta ndiyo hasa yanayokifungua, kwa hiyo mtori wenye nyama ya mafuta na chai ya rangi kavu visiingizwe kama "mlo" mmoja. Andikeni gramu za mafuta.

Njiro (Arusha):
Nashukuru sana. Je, niongeze sasa breki ya FGF19 (homoni ya utumbo) kwa CYP7A1 (kimeng'enya cha ini kinachoanzisha utengenezaji wa asidi hizi), kisha nikadirie parameta zote 14 kwa data ya seramu?

Kiboriloni (Moshi):
Breki iongeze mwisho, mizania ikishafunga. FGF19 hupanda baada ya asidi zenyewe kupanda, hivyo iwekee ucheleweshaji wa dakika 90 hadi 120, na kipeo cha fomula ya breki, yaani ukali wake, kisizidi 2. Breki kali ikichanganyika na ucheleweshaji inaleta mawimbi ambayo mwilini hayapo.

Hizo 14, hapana. Plazima lita 3 kwa mikromoli 5.4 ni mikromoli 16 kati ya 6,450. Kukadiria mzunguko mzima kwa hizo ni kama kupima maji ya mfongo (mfereji wa umwagiliaji) kwa yale yanayomwagikia njiani. Mtiririko, ujazo na utengenezaji viwekwe thabiti. Kadiria vitatu: uwezo wa ini, sehemu inayomwagwa na kifuko, na muda wa kufika ileamu. Kisha sogeza kila kimoja juu na chini huku viwili vikikadiriwa upya. Kosa lisipopanda, data yako haikioni.

Damu ichukuliwe dakika 0, 30, 60, 90, 120 na 180. Ya dakika 0 ikikosekana, uwezo wa ini na umwagaji wa kifuko hutaweza kuvitenganisha.