Mdogo wangu alikuwa mgonjwa. Kwa nini daktari wa akili alimhoji mbele ya askari?

Wakuu, hii ni wiki ya sita nalala vibaya kwa sababu ya jambo hili. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Hospitali siitaji, mkoa siutaji na jina la dogo silitaji, maana kilichotuumiza ni siri yake kutoka, na mimi sitaitoa zaidi.

Mdogo wangu ana miaka 24. Alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba, ile unapeleka hesabu kwa tajiri mpaka chombo kinakuwa chako. Alibakiza miezi minne amalize. Pikipiki ikaibwa amesimama dukani kununua maji, na tajiri akataka hela yake yote. Tangu hapo dogo akabadilika. Hali, halali, simu inaita yeye anaiangalia tu. Nyumbani tukasema ana mawazo, yatapita. Hayakupita. Alijaribu kujiua. Jirani alimuwahi, tukamkimbiza hospitali, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku.

Mapokezi neno la kwanza likawa, "PF3 iko wapi?", yaani ile fomu ya polisi. Mama anatetemeka, hawezi hata kushika mkoba, shemeji ikabidi achukue pikipiki mbio hadi kituoni. Hilo sitalisema sana, kila mtu humu analijua. Na niseme ukweli, madaktari wa dharura walipambana usiku ule, mwili wa ndugu yangu waliuokoa. Lakini fomu ilipotoka kituoni, askari naye alikuja nyuma yake. Kesho yake asubuhi nakuta dogo ana dripu mkono wa kulia na pingu mkono wa kushoto, imefungiwa kwenye chuma cha kitanda. Kofia ya askari iko juu ya kabati, pembeni ya kikombe cha uji. Mama alipoingia wodini dogo akavuta shuka kwa meno afunike ile pingu. Mama alishaiona.

Kwa wasiojua, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Ni kosa dogo la jinai, na makosa ya namna hiyo ambayo hayakutajiwa adhabu yake yanaangukia kifungu cha 35: kifungo hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Kwa hiyo yule askari hakuwa ametumwa na roho mbaya. Ametumwa na sheria yetu. Siku ile nilimchukia, sasa hivi naichukia zaidi sheria.

Pingu peke yake ningeimeza, nisingefungua uzi. Kilichonishinda kilitokea mchana, alipokuja daktari wa akili.

Alikuwa kijana, mpole, amechoka, anaongea taratibu. Akavuta kiti karibu na kitanda. Askari alikuwa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili, hatua mbili tu. Nikasubiri daktari amwambie, "Afande, tupishe kidogo." Hakusema. Akaanza kuuliza. Ulikuwa unawaza hivi tangu lini? Ulipanga au ilikujia ghafla? Ulimwambia mtu? Ulitaka kweli kufa au ulitaka watu wajue umeumia? Na bado unatamani?

Nimeuliza watu wa fani baadaye, wakaniambia maswali yale ni sahihi kabisa, ndivyo mgonjwa anavyopimwa hatari ili wajue kama anaweza kurudi nyumbani au abaki. Nakubali. Sasa yasome tena ukiwa umevaa kofia ya mpelelezi. Tangu lini, ulipanga, ulikusudia? Ni maswali yale yale! Kosa la jaribio linasimama kwa kuthibitisha nia, na nia yake dogo aliitoa mwenyewe kwa kinywa chake, akilia, kwa mtu aliyeambiwa ni daktari wake. Kadiri alivyosema ukweli ili atibiwe ndivyo alivyojiongezea ushahidi. Na afande alikuwa anaandika. Nilimwona, daftari la kawaida la kurasa mia, kalamu ya bluu.

Siku tatu baadaye tulipokwenda kumwekea dhamana tukasomewa maelezo. Ile sentensi aliyomwambia daktari kuhusu marehemu baba, ambayo hata mimi dada yake sikuwahi kuisikia, ilikuwa mle ndani. Mpelelezi aliisoma kwa sauti, na kaunta ina watu wanne wanasubiri kuripoti simu zilizoibwa.

Naomba wanasheria na madaktari mlioko humu mnijibu bila kuzunguka. Kiapo cha daktari kina siri ndani yake au hakina? Najua siri ina mipaka. Mgonjwa akisema anaenda kumuua mtu fulani, daktari hawezi kunyamaza, na hata mimi sitaki anyamaze. Lakini hapa nani mwingine alikuwa hatarini? Aliyekuwa hatarini ndiye aliyelala pale na pingu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayotenganisha anayekuja kutibiwa kwa hiari yake na anayeletwa bila ridhaa. Ndugu yangu aliangukia wapi? Maana hata fomu ya kukubali matibabu ya akili nesi alinipa mimi kalamu. Dogo yuko macho, anajua siku, anajua rais ni nani, amemaliza kujibu maswali yote ya daktari, halafu sahihi inaombwa kwangu juu ya kichwa chake. Nikamwambia nesi amuulize mwenyewe. Akasema, "Dada, huyu ni mgonjwa wa akili." Basi siku nzima ile, aliyetaka kitu kutoka kwa dogo mwenyewe ni askari peke yake, na alichotaka ni maelezo.

Naona watu wataandika hapa chini kwamba sheria ile inasaidia kutisha watu wasijiue. Jamani, mtu aliyefika pale hatishwi na miaka miwili jela. Anayetishwa ni yule aliyenusurika, na anachoogopa ni kusema. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya 700,000 vya kujiua kila mwaka, na linazishauri nchi ziondoe makosa ya aina hii kwa sababu yanawafukuza watu kwenye matibabu. Na tusijidanganye kwamba ni mila yetu. Kifungu hiki tulikikuta kwenye makabati ya Mwingereza. Mwenyewe alikwishaacha kuwashitaki watu wake kwa kosa hili mwaka 1961, mwaka ule ule sisi tunapandisha bendera. Yeye akalitupa, sisi tukalitunza.

Majirani wameshasogea. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni yao ya adhabu kinapingana na Katiba, kwa habari ya usawa, utu na haki ya afya. Kifungu chao na chetu ni kama mapacha, maneno karibu yale yale. Ghana walikifuta cha kwao bungeni mwaka 2023. Sisi tunangoja nini? Wabunge wetu wakisimama kuongelea afya ya akili wanaongelea vijana kubeti na mitandao. Hiki kifungu kimoja hawakigusi.

Na kabla Bunge halijakaa, daktari alikuwa na la kufanya pale pale. Angemwomba askari asimame nje ya mlango, amwone kupitia kioo, asimsikie. Kama askari angekataa, angeandika kwenye faili kwamba amekataa. Angemwambia dogo kwa uwazi kabla hajaanza, "Huyu anasikia, ukitaka tusubiri tutasubiri." Sentensi moja tu. Dogo angechagua.

Jumanne iliyopita nilimsindikiza kliniki, mara ya pili tangu atoke. Daktari mwingine, mama wa makamo, chumba kizuri, mlango umefungwa, askari hakuna. Akamuuliza kwa upole kama yale mawazo bado yanakuja. Dogo akaangalia mlangoni, akaangalia ile kalamu mezani, akasema, "Hapana, niko sawa kabisa." Akapewa dawa zile zile na tarehe nyingine. Kwenye daladala nikamuuliza mbona amesema hivyo, maana usiku namsikia anatembea. Akanijibu, "Dada, kwani yule naye si anaandika?"

Nawasihi, msije mkasoma hapa mkaogopa kumpeleka mtu hospitali. Mpelekeni, mbio, na askari akiwepo ndugu mmoja abaki pale awe mkali, amwombe daktari faragha kabla swali la kwanza halijaulizwa. Mimi sikujua kwamba naweza kusema. Nilikaa kimya nimeshika mkoba wa mama.

Ninachohitaji sasa hivi ni hiki. Jalada bado liko wazi, dogo anaripoti kituoni kila Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku anashindwa kula. Mwenye uzoefu, hayo maelezo yaliyotoka kwenye mazungumzo na daktari tunaweza kuyapinga? Tuanzie kwa Mwendesha Mashtaka, kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au kwa baraza la madaktari? Na kama kuna wakili wa msaada wa kisheria aliyewahi kushika kesi ya kifungu cha 217, aje inbox. Kliniki nyingine ni tarehe 18, nataka kabla ya siku hiyo niwe na kitu cha kumwambia.