Ndugu wawili, wote SS: mbona mmoja ndiye anaumwa sana?

Mama wa Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Wanangu wote wawili wana selimundu, karatasi zao zimeandikwa SS. Mkubwa, miaka 9, mwaka huu amelazwa mara nne; baridi ikiingia tu, mifupa inaanza. Mdogo, miaka 6, hajawahi kuongezewa damu. Baba mmoja, mama mmoja, chungu kimoja, folik asidi ileile. Mama mkwe anasema mkubwa karogwa. Kama jeni mbovu ni moja, mbona maumivu hayafanani?

Mtu wa Maabara:
Pole sana dada. Hakuna aliyerogwa. Selimundu ni herufi moja ya DNA, kromosomu ya 11: palipokuwa na A pana T. Hapo wanao wako sawa. Tofauti itafute kwingine.

Unakumbuka miezi yao ya kwanza walikuwa wazima? Mtoto huzaliwa na himoglobini F (himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni), ya tumboni, nayo huzuia zile himoglobini S, za selimundu, zisishikane. Baadaye mwili unaizima, na mzimaji mkuu ni jeni BCL11A, kromosomu ya 2. Ilijulikana 2007 na 2008, watafiti walipolinganisha DNA za wenye F nyingi na wenye F kidogo. Mwaka 2011 wagonjwa wa Muhimbili walipopimwa, ikajitokeza kwao pia. Na ninachokipenda zaidi: 2013 ikaonekana tofauti haiko kwenye maelekezo ya protini yenyewe, iko kwenye swichi inayoiwasha jeni hiyo ndani ya seli zinazozaa chembe nyekundu. Kila mtoto hurithi nakala zake. Huenda mdogo alipata swichi legevu, mzimaji akapungua nguvu, F yake ikabaki juu.

SS tangu 1988:
Mama, muulize daktari habari ya dawa ya haidroksiyurea. Nayo hupandisha F. Mimi ilinipunguzia kulazwa.

Mama wa Tandika:
Kaka, DNA yao naipimisha wapi?

Mtu wa Maabara:
Usianzie huko, ni gharama. Angalia karatasi za himoglobini, mstari wa F, asilimia ngapi. Tiba ya kukata swichi hiyo ipo, Uingereza na Marekani ziliiruhusu 2023, ila bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Inaniuma kuiandika hapa. Haidroksiyurea ndiyo ya kuulizia sasa.

Mama wa Tandika:
Nimezitoa kabatini. Mdogo F 17. Mkubwa 4. Miaka yote zilikuwa humo. Kliniki ni Jumanne, naenda nazo zote mbili, na mama mkwe naenda naye.