Kikundi cha familia: sanduku la nguo za mtoto

Rehema (Ijumaa, saa 1:12 asubuhi): Habari za asubuhi nyote. Jana usiku nilifungua sanduku la nguo za watoto ili nimkabidhi Neema kabla hajajifungua, na nilichokikuta kimeninyima usingizi. Fulana nyeupe zilizowekwa zikiwa safi, tena zimepigwa pasi, zimetoka na madoa ya manjano kuanzia kwenye ukosi hadi kifuani. Moja nimeisogeza dirishani nikaona madoa matatu yamefuatana kama matone, na ukiinusa unapata harufu ya mafuta yaliyochacha. Naomba kuambiwa ni nani aliyelifunga sanduku hili mara ya mwisho, na kesho Jumamosi sote tukutane kwangu tufue.

Rehema (saa 1:40): Naona watu saba wameusoma ujumbe huu na hakuna aliyejibu.

Rehema (saa 2:05): Sasa ni tisa.

Idi (saa 2:20): Dada, kwa jinsi ulivyoanza nilidhani tumeibiwa, kumbe ni maziwa. Mtuhumiwa mwenyewe wakati huo hakuwa hata na meno.

Rehema (saa 2:21): Idi, sitanii. Nimeuliza swali na nimetaja siku.

Tatu (saa 2:47): Shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mjomba, nawaamkia na wengine wote. Kwa ruhusa yenu, huenda aliyelifunga sanduku hana kosa. Mtoto anapocheua, maziwa huacha protini na mafuta ndani ya nyuzi, na yasipotoka yote wakati wa kufua, mabaki yake hayaonekani nguo ikiwa mbichi wala ikishakauka. Hujitokeza baada ya miezi, kwa sababu mafuta yakikaa na hewa muda mrefu hugeuka manjano. Loweka nguo hizo usiku kucha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga iliyo na vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja protini na mafuta, usuuze, kisha uzitazame mwangani kabla ya kuzianika. Doa likiwa limepungua bila kwisha, rudia kuloweka, na usipitishe pasi juu yake hata kidogo, maana joto hulikaza.

Rehema (saa 2:50): Marahaba, mwanangu, na ahsante. Lakini kwa nini uvuguvugu, wakati mimi nimekwisha bandika birika ili nianze na zile zenye damu ya pua?

Tatu (saa 2:51): Tafadhali liipue hilo birika, Mama Mkubwa. Damu, maziwa, yai na matapishi vyote vina protini, na protini ikipigwa na maji ya moto huganda kama yai linavyoganda kwenye sufuria, ikashikamana na uzi. Damu huanza na maji baridi, tena kwa kuyapitisha upande wa nyuma wa kitambaa ili yaisukume nje badala ya kuizamisha. Hata vimeng'enya vyenyewe hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 30 hadi 40 hivi za Selsiasi, na maji yanayochemka huviharibu. Huu si ugunduzi wa jana, kwani Otto Röhm wa Ujerumani alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kufulia nguo kwa vimeng'enya vya kongosho la wanyama mwaka 1913.

Idi (saa 2:55): Kumbe nguo nayo humeng'enywa! Basi tusisumbuke na sabuni, tumsubiri mtoto wa Neema azaliwe azitafune mwenyewe.

Shemeji Musa (saa 3:10): Jamani, mimi nina njia fupi. Ninayo chupa ya dawa ya klorini na ninayo siki. Nikivichanganya katika beseni moja si nguvu zitakuwa mara mbili?

Tatu (saa 3:10): Hapana, Baba! Usivichanganye kabisa. Klorini ikikutana na siki, au na ndimu, hutoa gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu.

Idi (saa 3:11): Shemeji ataondoa madoa, na wafuaji pia.

Idi (saa 3:12): Tena ataokoa hata gharama ya kuwalisha.

Rehema (saa 3:14): Idi, acha mzaha, hili ni la hatari. Musa, umemsikia binti yako? Jibu hapa ili tujue umesoma.

Tatu (saa 3:16): Na nepi zenye mkojo zisitiwe klorini kabla ya kusuuzwa vizuri, kwa sababu mkojo uliokaa huwa na amonia, na amonia na klorini nazo hutoa mvuke mbaya. Tena klorini huyakaza madoa ya kutu, na kwenye sufu na hariri huila nyuzi yenyewe.

Idi (saa 3:19): Kuhusu klorini na sufu, nadhani familia hii haihitaji kufundishwa.

Rehema (saa 3:20): Sikutaka kulitaja hilo.

Idi (saa 3:21): Hukulitaja, umelibandikia birika.

Hakuna aliyeandika kwa dakika arobaini.

Zuhura (saa 4:02): Nimesoma yote tangu asubuhi na nilikuwa nimeamua kukaa kimya, lakini naona bado ninatajwa bila jina. Ndiyo, sanduku nililifunga mimi. Na ndiyo, lile sweta lilitiwa klorini na mkono wangu, likatoka na rangi ya chai na matundu mawili begani. Ninachoomba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hii, ni mtu mmoja tu akumbuke kwamba liliponifikia lilikuwa limekwisha mwagiwa maji yaliyochemka, na ile damu ilikuwa imeshika kiasi kwamba nisingeitoa kwa maji ya chumvi wala kwa sabuni. Mimi nilikuta doa limeiva.

Rehema (saa 4:06): Zuhura, sikulimwagia kwa ubaya. Ndivyo tulivyokuwa tukifua.

Zuhura (saa 4:07): Nami sikulitia klorini kwa ubaya. Lakini kila doa likitokea katika familia hii, macho hunigeukia mimi.

Idi (saa 4:09): Jamani, mimi nilikuwa nachekesha tu.

Shemeji Musa (saa 4:31): Nimesoma. Chupa nimeirudisha kabatini.

Hamisi (saa 5:15): Shikamooni. Bibi ameniambia niandike anavyosema bila kupunguza, naye amesimama hapa nyuma yangu. Anasema: «Sweta nililifuma mimi, na mimi sijamdai mtu. Ninyi mnadaiana nini? Rehema, nguo za mtoto mchanga hazifuliwi kwa ugomvi. Sanduku lisihamishwe tena kwa mtu yeyote kabla Zuhura hajalitazama, kwa sababu ndiye alizipanga na ndiye anajua ipi ni pamba na ipi ni sufu. Atakalosema lifanyike.» Mwisho wa maneno yake.

Rehema (saa 5:17): Tumesikia, Mama.

Idi (saa 5:17): Tumesikia, Mama.

Shemeji Musa (saa 5:18): Tumesikia, Mama.

Neema (saa 8:26 mchana): Samahanini wote, nilikuwa nimelala. Nguo ni za mwanangu, kwa hiyo naomba niseme mawili. Mimi sihitaji ziwe nyeupe kama mpya, ninahitaji zisibaki na kitu cha kumwasha ngozi, kwa hiyo hata kama itabidi zisuuzwe mara tatu, zisuuzwe, na doa litakalokataa nitaishi nalo. La pili, kuna ile suruali ndogo ya kijani yenye nyasi magotini, na ile fulana ambayo mtu aliichora kwa kalamu ya wino. Hizo nazo zinaingia katika hesabu ya kesho?

Tatu (saa 8:40): Shikamoo Mama Mdogo. Zinaingia, ila haziendi katika beseni la maziwa. Kwa wino wa kalamu, tandika kitambaa cheupe chini ya doa, lowesha pamba kwa spiriti, na ubonyeze bila kusugua, ukitoka ukingoni kuelekea katikati. Wino utahamia kwenye kitambaa cha chini, nawe unakisogeza kila kinapochafuka. Doa la nyasi nalo mara nyingi hulegea kwa spiriti hiyohiyo kabla ya kufuliwa. Jaribuni kwanza kwenye mshono wa ndani, maana rangi ya kijani ya suruali yenyewe inaweza kutoka pamoja na ya nyasi.

Idi (saa 8:44): Na ile bibu yenye maji ya matunda? Mimi niliipaka mche wa sabuni papo hapo, nikajiona mtaalamu.

Tatu (saa 8:47): Pole, Mjomba. Madoa ya matunda na chai yana tanini, yaani ile kitu inayoyapa ukakasi, na mche wa sabuni unaweza kuyakaza badala ya kuyatoa. Isuuze, uiloweke kwenye sabuni ya maji yenye siki kidogo. Ikibaki, kwa kuwa ni pamba nyeupe, tumia dawa ya madoa ya oksijeni katika maji ya moto kiasi. Hiyo haiogopi joto kama vimeng'enya, ila isikaribie sufu.

Idi (saa 8:48): Yaani mwenye birika alikosea damu, nami mwenye mche nimekosea matunda. Leo nakiri mbele ya hadhara.

Rehema (saa 8:52): Ahsante, Idi. Basi, kwa kufuata alivyosema Mama, Zuhura ndiye atakayeamua. Zuhura, ninakusubiri. Nguo za maziwa nimezilowesha tayari katika maji ya uvuguvugu, sikugusa kingine. Tunahitaji mabeseni mawili zaidi, spiriti, na mtu wa kuja mapema.

Rehema (saa 10:30 jioni): Zuhura, umeusoma ujumbe.

Zuhura (saa 3:05 usiku): Nitakuja. Spiriti ninayo. Hizo za maziwa zisikamuliwe hadi nifike, na ile fulana yenye wino msiiguse, kwa sababu aliyeichora ni Tatu akiwa na miaka miwili, na nina la kuzungumza naye.

Tatu (saa 3:06 usiku): Mama, tafadhali.

Rehema (saa 3:08 usiku): Vizuri, Zuhura. Utafika saa ngapi? Na mabeseni yanaletwa na nani?

Rehema (Jumamosi, saa 12:50 asubuhi): Habari za asubuhi nyote. Naona watu tisa wamesoma kuhusu mabeseni.