Kilimanjaro au Meru? Tunatokea Mwanza

Kijana wa Kirumba
Wakuu, habari za leo. Nataka kupanda mlima, niko njia panda: Kilimanjaro kwa njia ya Marangu au Meru? Sijawahi kupanda. Malipo ya kutanguliza yanatakiwa Ijumaa.

Mama Nyegezi
Mdogo wangu, umeuliza nusu. Mwezi gani? Siku ngapi? Mko wangapi?

Sengerema Juu
Marangu. Unalala vibandani Mandara, Horombo na Kibo, hakuna hema la kulowa. Mimi niliishia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, na bado najivunia. Lala Horombo usiku wa ziada uzoee hewa. Safari ya siku tano usiikubali hata wakikupunguzia bei.

Nyamagana77
Meru. Mita 4,566, siku nne, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anatembea nanyi kwa sababu ya nyati. Twiga utawaona ukiwa kwa miguu yako.

Kijana wa Kirumba
Desemba, tuwe kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru. Nguvu ninazo, mimi ni mvuvi, navuta nyavu usiku kucha.

Nyamagana77
Hiyo ya nguvu ndiyo iliyoniponza hukohuko Meru, ngoja nikueleze. Nilikwenda na raba za mjini, jinzi na sweta la pamba. Mvua ikatukamata msituni kabla ya kibanda cha kwanza, Miriakamba. Jinzi ikilowa kule haikauki, niliivaa mbichi siku mbili. Usiku wa kwenda kileleni tuliondoka kibanda cha pili, Saddle, saa nane, maji ya chupa yakaganda, kichwa kinanigonga kama kinu. Nikanyamaza, niliona haya kumwambia kiongozi maana wenzangu walikuwa wazima. Karibu na Rhino Point nikatapika mara tatu, nikawa nayumba. Askari akanimulika usoni, akaniuliza jina langu, nikachelewa kujibu. Akasema, "Huyu anashuka sasa hivi." Nilibisha hadi machozi yakanitoka. Tuliposhuka chini ya Saddle kichwa kikaanza kuachia. Ziwani hapa tuko kama mita 1,134 tu. Ukipanda haraka mwili haupati muda wa kuzoea, uwe mvuvi au karani.

Mzee wa Igoma
Pole sana. Ila hapo kosa ni nguo. Soko la Mlango Mmoja jaketi za baridi za mtumba zimejaa, mnaendaje mlimani na sweta la pamba?

Nyamagana77
Shikamoo mzee. Nguo zilinitesa kweli, lakini kilichonirudisha ni kuficha maumivu.

Mzee wa Igoma
Marahaba. Nimekuelewa.

Sengerema Juu
Jaketi na mfuko wa kulalia utakodi Moshi. Viatu nunua mapema, uvivae hadi vikukubali mguuni.

Mama Nyegezi
Viatu vya mtumba vikunje kwanza uangalie gundi. Soli iliyokaa sana inabanduka njiani. Na Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha, mimi ningengoja Januari mwishoni.

Sengerema Juu
Mama, tarehe 9 ina uzito wake. Nyirenda alipandisha mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, 1961. Mwache kijana.

Mama Nyegezi
Nyirenda alikuwa mwanajeshi! Huyu mlima wake wa kwanza.

Kijana wa Kirumba
Nawashukuru. Mwenzetu ana gari, tukikatiza Serengeti si tunafupisha?

Sengerema Juu
Mtalipia watu na gari geti la Ndabaka kuingia Serengeti, mlipie tena Ngorongoro. Pandeni basi la Singida na Babati.

Mama Nyegezi
Jumamosi vukeni Saanane, mpande yale mawe mkiwa na mizigo mgongoni. Ni kisiwa kidogo, lakini mtajua nani magoti yanamuuma.

Kijana wa Kirumba
Sawa. Nilisahau, tuko wanne, na huyo mwenye gari ana pumu. Anatumia dawa ya kuvuta.

Mama Nyegezi
Hilo ndilo la kuanza nalo, mdogo wangu! Aonane na daktari kabla ya Ijumaa. Akikatazwa msimbembeleze.

Nyamagana77
Na kiongozi aambiwe getini, asije kulijua usiku kule juu.

Sengerema Juu
Wapo wenye pumu waliofika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro.

Mama Nyegezi
Wapo, kwa ruhusa ya daktari.

Mzee wa Igoma
Kijana, unavaa kiatu namba ngapi? Vya mwanangu vya mlimani ninavyo, namba 42, amevivaa mara moja tu.