Star Wars ya 1977 mnayomsifia Lucas kila siku, wengi wenu hamjawahi kuiona

Wakuu, heshima mbele. Kila Star Wars inapotajwa humu ndani wimbo ni ule ule: George Lucas alikuwa na maono yake, studio na mashabiki wakamwandama, kwa hiyo toleo analolitaka yeye ndilo halali maana kazi ni yake. Leo nasema hapana. Tangu 1997 filamu hizo zimebadilishwa mara kadhaa kwa matakwa yake. Ile kazi ilikuwa na wenyewe wengi, na mnachokitazama mtandaoni Disney+ sicho kilichoingia kumbi za sinema Mei 25, 1977.

Tuanze na tuzo maana hapo hakuna ubishi. Oscar za 1978 filamu ile ilibeba sita, na ya saba, ya pekee, akapewa Ben Burtt kwa sauti alizobuni. Ya uhariri ilikwenda kwa watu watatu: Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew. Lucas mwenyewe alikuwa anawania ya uongozaji na ya uandishi, zote mbili zikampita. Sasa niambieni, aliyekosa tuzo anapata wapi ubavu wa kufumua kazi ya waliopata? Anaupata kwa kuwa ni mwenye mali. Basi tuseme hivyo, tuache kusingizia maono.

Chukueni tukio la Jabba, bosi wa wahalifu anayemdai rubani Han Solo. Lilipigwa 1976, Jabba akiwa binadamu kabisa, mwigizaji Declan Mulholland. Kwenye uhariri likatupwa, na lilistahili kutupwa: tunachohitaji kujua kuhusu deni la Han kimeshasemwa dakika chache nyuma, pale mezani na Greedo, mwindaji aliyekuja kumkamata. Mwaka 1997 Lucas akalirudisha, akamfunika Mulholland kwa dubwana la kompyuta. Kasoro ya kwanza, Han anaeleza deni lile lile mara mbili, na filamu inakwama pale pale ilipotakiwa kuondoka sayari ya Tatooine. Ya pili inachekesha: 1976 Harrison Ford alizunguka nyuma ya Mulholland huku akiongea, na 1997 hapo nyuma pana mkia. Ikabidi wamkate Ford kwenye picha, wamnyanyue, wamshushe, aonekane anaukanyaga. Mtazameni vizuri. Anapanda kama gunia linalovutwa na winchi. Ya tatu ndiyo inayoniuma: kwa filamu mbili nzima Jabba alikuwa jina la kutisha tu, sura yake tukaja kuiona 1983. Subira hiyo yote wameiua kwa tukio moja.

Na Greedo msiniambie ni jambo dogo. 1977 Han anachomoa bastola taratibu chini ya meza, anafyatua, kwisha habari. 1997 Greedo anatangulia kufyatua na anamkosa mtu aliyekaa ng'ambo ya meza, kichwa cha Han kikisogezwa kwa kompyuta kama cha mdoli. 2004 wakafanya wafyatue karibu pamoja. 2019 Greedo akaongezewa neno "maclunkey" kabla hajafa. Han kurudi vitani mwishoni kuna uzito kwa sababu tulimjua kama mtu asiyesubiri kupigwa. Ukishamsafisha mwanzoni, safari yake inaanzia wapi?

Hapo ni filamu aliyoiongoza mwenyewe. Ya 1980, The Empire Strikes Back, aliiongoza Irvin Kershner, na ya 1983, Return of the Jedi, Richard Marquand. Kwa Kershner, 1997 Luke, yule shujaa mkuu, akawekewa ukelele anapojiachia kwenye lile shimo. 2004 ukelele ukaondolewa. Maono gani hayo yanayosahihishwa baada ya miaka saba? Sauti ya Clive Revill, aliyekuwa Emperor, yule mtawala mwovu, wa 1980, nayo ikafutwa 2004. Mwaka huo huo kwa Marquand wakamfuta Sebastian Shaw aliyeigiza mzimu wa Vader, baba wa Luke, wakabandika mwigizaji Hayden Christensen. Shaw alishafariki tangu 1994. Halafu 2011 Vader akapachikwa "Nooo" pale anapomnyanyua Emperor. Marquand alipaacha na kinyago tu: kinageuka kwa mwana, kinageuka kwa bwana, na muziki wa John Williams unafanya kazi iliyobaki. Kinyago kisichokunja uso kilieleza kila kitu, mtu akadhani hatujaelewa.

Mtasema DVD ya 2006 ilikuwa na toleo la zamani. Ndiyo, kama nyongeza kwenye diski ya pili, limechotwa kwenye kanda mama ya laserdisc, zile santuri kubwa za video za kabla ya DVD, ya 1993. Liwekeni kwenye runinga pana mwone: weusi juu, chini, kulia na kushoto, picha katikati kama bahasha. Hesabu yake ni hii. Fremu ya DVD ya Marekani ina mistari 480. Picha pana ya 2.35 ikiwekwa ndani ya fremu ya 4:3, inabaki na mistari kama 272. Wangeibana kwa njia ya anamofiki, yaani picha kubanwa ijaze fremu kisha runinga pana iitanue, kama DVD nyingi za wakati ule, ingepata kama 363. Yaani robo ya picha imetupwa kwa makusudi, na juu yake kuna ukungu wa mashine za kusafisha chenga za miaka ile, unaofuata kila kinachotembea. Hayo ndiyo malipo ya washindi wa Oscar.

Na hoja ya kwamba toleo la zamani halirudishiki maana "negativu iliharibika", yaani ule mkanda asili wa kamera, mkae nayo. Kweli 1997 negativu ilikatwa ikaunganishwa na picha mpya. Lakini zipo kopi za Technicolor za miaka ya sabini ambazo rangi yake haipauki, na Juni 2025 British Film Institute waliionyesha moja London, ukumbi ukajaa. Sasa Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, wametangaza kuirudisha ya 1977 kwenye sinema mwaka 2027, miaka 50 baadaye. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Kinachonipandisha presha zaidi ni kwamba mwaka 1988 Lucas huyu huyu alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga filamu za zamani kutiwa rangi, akasema wanaobadilisha kazi za sanaa kwa faida au kwa kuonyesha mabavu ni washenzi. Miaka tisa haikupita bure.

Mnataka kuona maono yasiyo na breki? Ni The Phantom Menace ya 1999. Mwandishi yeye, mwongozaji yeye, kampuni yake, fedha zake, kama dola milioni 115. Kwenye filamu ya nyuma ya pazia waliyoitoa wenyewe kuna kikao baada ya kutazama mkato wa kwanza. Angalieni nyuso za Ben Burtt na wenzake. Mwisho wa filamu una mapigano manne kwa pamoja: uwandani, ikulu, upanga kwa upanga, na angani. Unacheka na yule kiumbe mchekeshaji Jar Jar, sekunde chache mbele mtu anauawa, unarudishwa kwa mtoto anayebonyeza vitufe. Lucas anakiri huenda amezidisha mahali, lakini hakuna cha kuondoa maana kila kipande kimeshafungwa kwa kingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vile vingine vilikuwepo chumbani, vimekunjwa kwa woga.

FundiMitambo: Mkuu nakubali nusu. Disney walinunua Lucasfilm 2012 kwa dola bilioni 4.05, mihtasari ya hadithi ya Lucas wakaiweka kando. Kwenye filamu mpya ya 2015 J.J. Abrams akaacha maswali mezani, 2017 Rian Johnson akayajibu kivyake. Colin Trevorrow aliyekuwa aongoze ya kufungia hadithi akaondoka mwaka huo huo, Abrams akarudishwa, 2019 akayajibu upya. Filamu ya Solo ndiyo usiseme: Phil Lord na Chris Miller waliondolewa Juni 2017 upigaji ukiwa umefika mbali, Ron Howard akapiga upya sehemu kubwa. Hivyo navyo utaviita vidole vingi?

Bonde_la_Ufa: Kuna moja mmesahau. Rubani msaidizi wa Lando mwaka 1983, Nien Nunb, sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, na anaongea Kikalenjin na Kikuyu. Wengine waliandika ni Kihaya, si kweli. Sisi huku tunaelewa maneno bila kusoma maandishi ya chini. Hayo maono ya Lucas yalikuwa na Kikuyu ndani? Zii.

Mwenye uzi: @FundiMitambo, kaka, hivyo ni vikao vya ofisi. Ninachokisema mimi ni fundi mwenye ujuzi kuruhusiwa kumwambia bosi hapana, kazi ikiwa bado mezani. Ya 1980 hadithi ni ya Lucas. Leigh Brackett akaandika rasimu ya kwanza, akafariki Machi 1978, Lawrence Kasdan akaipokea. Kershner akachukua muda wake na waigizaji mpaka bajeti ya kama dola milioni 18 ikapita 30, na mkopo wa benki ni wa Lucas. Pale Binti Mfalme Leia anapomwambia Han anampenda, jibu la Han la "najua" halikuwa kwenye skripti, lilipatikana kwa Kershner na Ford siku ya kupiga. Lucas hakulifurahia. Likabaki. Hicho tu ndicho ninachokidai.

Salha_wa_Reli: Ndugu, mimi nina nakala niliyopewa, haina jalada. Nitajuaje ni ya mwaka gani?

Mwenye uzi: Dada, anza na maandishi ya njano. Yakiwa na "Episode IV", si ya 1977. Hayo yaliongezwa 1981. Halafu wanapoingia mji wa Mos Eisley: mnyama mkubwa akikatiza mbele ya kamera akaziba gari la Luke, ni 1997 au baadaye. Ukitaka jibu la haraka, ruka mpaka Death Star, ile ngome kubwa ya angani, inapolipuka. Ya 1977 ni cheche tupu zinazotawanyika. Ukiona pete ya moto inapanuka kutoka katikati, hiyo imeshachezewa.